Dada wa Vitambaa Kahamia Ukutani, Mnamcheka Nini?

Haya wadau, ile picha mshaiona. Dada katoka zake Nambilanje, Ruangwa, kazoea kudarizi mashuka na vitambaa vya makochi. Kafika Dar, kachora maua yaleyale kwenye ukuta wa saluni huku Mbagala. Basi watu: "arudi kwenye sindano."

Mnamcheka nini? Darizi ya msalaba ni kuhesabu nyuzi, ukikosea moja tu ua zima linapinda. Mtu wa hivyo ukuta anaugawa miraba kwa chaki, anajaza mdogo mdogo. Hispania yupo Raquel Rodrigo, anatundika darizi kubwa za msalaba kwenye kuta za mitaani kwa wavu na kamba nene, na nyie nyie mnashea. Huyu wa kwetu ndo mshamba?

Tingatinga mwenyewe si katoka Tunduru? Kaja Dar kutafuta kibarua, miaka ya 60 mwishoni akaanza kuchora kwenye hadibodi. Leo nenda duka lolote la watalii.

Ila tuseme ukweli, rangi imechuruzika na majani yamebanana. Kitambaa unakitazama mapajani, ukuta unatazamwa na mtu aliyening'inia kwenye daladala. Akuze maua. Atazoea.

Kinachoniuma ni mwenye saluni. Eti malipo soda na kusukwa bure, "nakupa jina". Fundi angeupaka ule ukuta rangi nyeupe tupu, angelipwa hela.

Nasikia na duka la nguo la jirani linamtaka. Dada, taja bei kabla hujafungua kopo.