BEI YA GIABOKSI NA JASHO LA DEREVA

Katika barabara itokayo Uyole, ipitayo Kiwira na Tukuyu, ikashuka hadi Kasumulu kwenye mpaka wa Malawi, ipo habari moja inayomvunja moyo mwenye gari kuliko bei ya petroli na kuliko tairi lililopasuka. Habari hiyo ni fupi: giaboksi imekufa. Gari linaunguruma lakini haliendi. Abiria wanashuka, wanachukua mizigo yao, na mwenye gari anabaki kando ya njia akitazama injini iliyo nzima na magurudumu yaliyo mazima, lakini katikati yao pana kitu kisichotaka kushika.

Siku chache baadaye anapewa karatasi na gereji ya mjini. Imeandikwa giaboksi, oili, ufundi, jumla. Jumla hiyo mara nyingi ni fedha ambayo mtu wa Mpuguso hajapata kuishika kwa mkono mmoja. Anaambiwa aamue leo, kwa kuwa giaboksi iliyopo ni moja tu na mteja mwingine anaitaka. Basi mmoja huuza ng'ombe, mwingine hukopa kwa riba, na wa tatu huliacha gari juu ya mawe mpaka nyasi zikalifunika. Twasema leo kwamba njia hizi tatu si njia pekee. Karatasi ile si hukumu ya mahakama. Ni maneno ya mfanyabiashara mmoja, na mwenye gari ana haki ya kuyahoji.

Kwanza yafaa tuelewe kwa nini ugonjwa huu unawapata sana watu wetu. Rungwe si nchi tambarare. Tukuyu iko juu ya meta 1,500 kutoka usawa wa bahari, na Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, iko kwenye kama meta 500 tu. Gari linalotoka Mpuguso kwenda Mbeya hupanda, hushuka, kisha hupanda tena kuelekea Isyonje, safari ya kama kilomita 70, mara nyingi katika mvua na ukungu. Ndani mna watu, juu mna mikungu ya ndizi, nyuma mna madumu ya maziwa na magunia ya viazi. Na gari lenyewe ni Noah iliyotengenezwa Japani kwa ajili ya baba, mama na watoto waendao dukani, ikatumika huko miaka kumi au zaidi kabla ya kupakiwa melini. Tumelipa gari hilo kazi ya lori, kisha twashangaa linapochoka.

Pili, hapana budi kuifahamu giaboksi yenyewe. Zile za zamani zilikuwa za klachi, na dereva alibadili gia kwa mkono. Gari nyingi zinazoletwa siku hizi hujibadili gia zenyewe, na katika hizo oili si ya kulainisha vyuma tu. Oili ndiyo inayobeba nguvu ya injini kuipeleka kwenye giaboksi, ndiyo inayosukuma na kubana sahani za ndani ili gia ishike, na ndiyo inayoondoa joto. Oili ikipungua, ikizeeka au ikiungua, sahani huteleza. Zikiteleza huzidi kupata moto. Zikipata moto huikaanga oili iliyobaki. Ugonjwa huzaa ugonjwa. Ndiyo maana dalili za kwanza ni ndogo: gari huchelewa kushika unapoweka gia, hushtuka linapobadili, au injini hupanda sauti mlimani na mwendo hauongezeki. Oili inakuwa nyeusi na kunuka kama kitu kilichoungua. Dereva anayeziona dalili hizi na kuongeza abiria anainunua giaboksi nyingine bila kujua. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tena ipo hatari nyingine ambayo wengi hawaambiwi. Ziko giaboksi zenye gia za kawaida, na ziko zile zitumiazo mkanda wa chuma kati ya puli mbili, ziitwazo CVT. Namna hii ya pili si ngeni duniani: kampuni ya DAF ya Uholanzi iliuza magari yaliyotumia mkanda wa mpira kwa mpango huo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Lakini oili ya CVT si oili ya giaboksi ya kawaida. Noah mbili zenye sura moja zaweza kuwa na giaboksi mbili tofauti, na oili iliyo dawa kwa moja ikawa sumu kwa nyingine. Mtu anayeokoa shilingi chache kwa kununua oili yoyote iliyo rafuni huenda akaziua shilingi milioni kadhaa kwa siku moja. Asome maandishi ya giaboksi, au kitabu cha gari, kabla ya kumimina.

Vile vile gari la namna hii halifai kuvutwa kwa kamba kutoka Mpuguso hadi Mbeya huku magurudumu yanayoendeshwa na injini yakizunguka barabarani. Injini ikiwa imezimwa, pampu ya oili haifanyi kazi, na vyuma vya ndani huzunguka vikiwa vikavu. Giaboksi iliyokuwa na ugonjwa mdogo hufika gereji ikiwa maiti, na bei iliyoandikwa pale huwa bei ya maiti. Heri kulipakia gari hilo, au kuyanyanyua magurudumu hayo.

Sasa tuje kwenye karatasi ya bei. Swali la kwanza la mwenye gari lisiwe "utanipunguzia kiasi gani?" Swali la kwanza liwe "umejuaje?" Fundi amepima kiasi cha oili na kuitazama rangi yake? Ameunganisha kompyuta ya kupimia na kusoma namba za hitilafu? Ametazama nyaya, soketi na mipira inayoishikilia giaboksi? Amezipima zile swichi za umeme, solenoidi, zinazofungua na kufunga njia za oili? Kitu kidogo kama hicho chaweza kulifanya gari lishtuke au likatae gia, na bei yake haifanani hata kidogo na bei ya giaboksi nzima. Fundi aliyepima atajibu bila hasira. Asiyepima atasema, "Mimi nina miaka ishirini katika kazi hii." Miaka ishirini ni heshima, lakini si kipimo.

Swali la pili ni hili: bei hiyo ni ya kazi gani? Kutengeneza sehemu iliyoharibika ni kazi moja. Kuifungua giaboksi yote na kubadili sahani na sili zake ni kazi nyingine. Kuweka giaboksi ya mtumba iliyotolewa katika gari lililokatwa ng'ambo ni kazi ya tatu, na kuweka mpya ni ya nne. Kila moja ina bei yake na mashaka yake. Giaboksi ya mtumba iliyonunuliwa Gerezani, Dar es Salaam, yaweza kuwa nzuri, lakini hakuna aliye na historia yake. Kwa hiyo swali la tatu hufuata: dhamana ni ya siku ngapi, inahusu kifaa peke yake au na ufundi pia, na je, imeandikwa? Dhamana ya mdomo hupotea siku fundi anapobadili namba ya simu.

Tusiwaonee wenye gereji. Anayelipa pango, anayenunua vyombo vya kupimia, anayelipa mafundi wake mishahara na kodi serikalini, hawezi kutoza sawa na mtu aliyelala chini ya gari kivulini mwa mwembe. Bei kubwa si lazima iwe wizi, na bei ndogo si lazima iwe huruma. Wako wengi waliokimbia bei ya kwanza, wakalipa ya pili iliyo rahisi, kisha wakairudia ile ya kwanza mfukoni wakiwa watupu. Tunachokidai ni bei iliyofafanuliwa: kifaa kwa bei yake, oili kwa lita zake, ufundi kwa malipo yake, na vyuma vya zamani kurudishwa kwa mwenyewe ili avione.

Na asidhani mtu kwamba kuhoji ni ushamba wa watu wa milimani. Huko Australia, wanunuzi wa magari ya Ford aina za Fiesta, Focus na EcoSport walilalamika kwamba giaboksi zao zilitetemeka na kushtuka. Wengi waliambiwa kwamba kosa ni lao, hawajui kuendesha. Hawakunyamaza. Tume ya ushindani na walaji ya nchi hiyo iliipeleka kampuni mahakamani, na mwezi Aprili mwaka 2018 mahakama iliamuru ilipe dola milioni 10 za Australia kwa namna ilivyowatendea wateja hao. Ikiwa kampuni kubwa kiasi hicho iliweza kumbebesha mteja kosa lisilo lake, je, gereji ya uchochoroni haiwezi?

Hapa kwetu pia sheria zipo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha na kudanganya katika biashara, na iko Tume ya Ushindani kwa kazi hiyo. Lakini sheria haimsaidii mtu asiye na karatasi. Tena akumbuke kwamba Sheria ya Mikataba inampa fundi haki ya kukishikilia chombo alichokifanyia kazi mpaka alipwe ujira wake. Anayesema "wewe tengeneza, tutaelewana" amempa fundi ufunguo wa gari na ufunguo wa mfuko pamoja. Kazi na bei ziandikwe kabla ya spana ya kwanza kugusa nati, na baada ya kulipa risiti idaiwe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa twafika mahali panapotuuma zaidi. Gari linapokufa, nani hulipa? Mara nyingi mwenye gari hulipa gereji, kisha humgeukia dereva. "Wewe ndiye uliyeiua. Nitakukata." Dereva huyo ameamka saa kumi alfajiri, amepakia alichoamriwa kupakia, amekimbilia hesabu ya jioni aliyopangiwa. Wiki tatu kabla alisema giaboksi inateleza, akajibiwa amalizie mwezi kwanza. Leo anakatwa mshahara kwa kosa la chombo alichokitolea taarifa.

Twataka ifahamike wazi: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mwajiri kumkata mfanyakazi kwa hasira tu. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Mwajiri aeleze kwa maandishi sababu na kiasi cha deni. Mfanyakazi apewe nafasi ya kulipinga. Deni lisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya malipo yake ya fedha. Asiyeridhika aweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Dereva naye asilale: kila ugonjwa wa gari anaouona auandike kwa tarehe, na amtumie mwenye gari ujumbe wa simu ambao hautafutika. Ujumbe huo ndio shahidi wake. Dereva anayetoa gia mteremkoni ili kuokoa petroli naye ana kosa, na hatumtetei. Katika mteremko wa kwenda Kyela, gari lisiloshika gia ndogo huachiwa breki peke yake, na breki zikipata moto roho za watu huwa mkononi mwa bahati.

Basi tufanye nini? Wenye magari watenge akiba. Tuchukue mfano: shilingi 5,000 kwa siku, siku 26 za kazi kwa mwezi, ni shilingi 130,000; kwa mwaka ni shilingi 1,560,000. Fedha hiyo huenda isitoshe giaboksi, lakini yatosha oili sahihi kwa wakati wake na vipimo kabla ya maafa, na inamfanya mtu azungumze na gereji akiwa amesimama. Wenye magari kumi wa Mpuguso na Tukuyu wakiungana katika ushirika wao wa akiba na mikopo, waweza kununua chombo kimoja cha kupimia na kumpeleka kijana mmoja chuo cha VETA mjini Mbeya akajifunze magari haya mapya. Wilaya yenye chuo cha ualimu Mpuguso inajua faida ya kumsomesha mtu mmoja ili asomeshe wengi.

Giaboksi ni chuma, na chuma huchakaa. Hilo halina lawama. Lawama iko kwa anayeficha ugonjwa wake, kwa anayetoza bila kupima, kwa anayelipa bila kuuliza, na zaidi ya wote kwa anayeuhamisha mzigo wote akautwika mabega ya mfanyakazi asiye na sauti. Wenye magari, daini karatasi. Mafundi, elezeni kazi yenu. Madereva, andikeni mnachokiona, na msikubali kulipa deni lisilo lenu.