ADABU ZA SAFARI
Kiti cha Mwenzio Huombwa, Hakiamriwi

Mtu aliyezoea kusafiri kwa teksi kutoka Mbale kwenda Kampala anajua kwamba kiti cha gari si mali ya mtu. Anayefika kituoni mapema huchagua, na anayechelewa hukaa palipobaki. Gari lenye ruhusa ya kubeba abiria 14 hujaa, mlango hufungwa, na safari huanza kupitia Tirinyi, Iganga na Jinja. Njiani mambo hubadilika. Mmoja hushuka Iganga, mwingine hupanda Jinja. Mama mwenye mtoto mchanga husogezwa dirishani, kijana hupelekwa nyuma, na mzee hupakata mzigo wa mtu asiyemjua. Kondakta akisema, "Mzee, sogea kidogo," mzee husogea. Hakuna anayeuliza sababu, kwa kuwa safari ni ya saa chache na kila mmoja anajua kwamba kesho zamu ya kusogea itakuwa ya mwingine.

Desturi hiyo ni njema barabarani. Lakini ndiyo hiyo hiyo inayowaponza wengi siku wanapopanda ndege kwa mara ya kwanza pale Entebbe.

Zamani jambo hili lingewahusu wakubwa wachache. Leo sivyo. Tangu Uganda ilipopeleka wanajeshi wake wa kwanza Somalia mwezi wa Machi 2007, askari wengi wa kawaida wameonja safari ya angani. Vijana wa kike na wa kiume huruka kwenda kutafuta kazi katika nchi za Ghuba. Wagonjwa hupelekwa India kwa matibabu. Shirika la Ndege la Uganda, ambalo lile la awali lilifungwa mwaka 2001, lilianza tena kuruka Agosti 2019. Hivyo si ajabu leo kukuta katika nyumba moja ya Nabuyonga, au Walukuba kule Jinja, watu wawili au watatu waliokwisha kupanda ndege. Yafaa basi jamaa wote wa nyumba wazijue adabu zake.

KISA CHA SAJINI MSTAAFU

Uchukuliwe mfano wa sajini mstaafu wa Nabuyonga, mwenye goti la kulia lisilokunjika vizuri, ambaye watoto wake wamechanga fedha ili akatibiwe Mumbai. Binti yake, aliye muuguzi, alikata tiketi miezi miwili kabla. Kisha akalipa fedha za ziada ili baba apate kiti cha upande wa kushoto, kando ya ujia wa kupitia watu, ambapo mguu wa kulia ungeweza kunyooshwa. Fedha hizo zilitoka katika akiba ya karo, lakini binti hakumwambia baba yake.

Mzee aliingia ndegeni, akakaa, akafunga mkanda. Kiti cha dirishani, ubavuni pake, alikuwa amekaa bibi arusi kijana. Haukupita muda, akaja kijana mmoja mtanashati, akasimama mbele yake.

"Jambo, mzee. Huyu ni mke wangu. Kiti changu kiko kule nyuma. Nenda ukakae kule, nasi tukae pamoja."

Mzee alinyamaza kidogo. Kijana akaongeza kwa sauti ya chini, "Mimi ni luteni."

Neno hilo lilitosha. Mtu aliyetumikia jeshi miaka mingi hahitaji kufikiri anapolisikia. Miguu husimama kabla ya akili. Sajini alisema, "Ndiyo, afande," akajivuta, akashika migongo ya viti kimoja kimoja mpaka nyuma kabisa. Huko alikuta kiti cha katikati, baina ya abiria wawili wanene waliokwisha kulala. Goti lilibanwa usiku kucha. Hakumwita mhudumu wala hakulalamika.

Walipotua Mumbai hakuweza kusimama. Aliteremshwa kwa kiti cha magurudumu, na katika kupita akapishana na luteni na mkewe waliokuwa wakingoja mizigo. Bibi arusi alilitazama goti lililovimba, akamgeukia mumewe, akasema neno moja tu: "Hukumwuliza."

Luteni alikimbia kuomba radhi, tena kwa machozi. Alikuwa kijana mwema, na kama angalijua habari za goti lile angalikaa nyuma mwenyewe bila kusita. Lakini daktari alisema upasuaji hauwezi kufanywa mpaka uvimbe upungue. Siku nne zaidi za nyumba ya wageni zilitoka katika akiba ile ile ya karo.

MAKOSA YALIYOFANYIKA

Hapana shaka kwamba kosa la kwanza ni la luteni. Alitumia cheo mahali ambapo cheo hakina kazi. Kambini amri huenda kutoka juu kwenda chini, na ni lazima iwe hivyo. Ndani ya ndege mwenye amri ni rubani, na wasaidizi wake ni wahudumu; wengine wote, awe meja, awe mkulima wa kahawa wa Bugisu, ni abiria. Askari anayejitambulisha kwa cheo ili apewe kiti huwa hakuomba, ameamuru. Naye aliyeamriwa hana njia ya kukataa kwa heshima.

Kosa la pili ni kwamba alimwomba mwenzake kitu kizuri akamlipa kibaya. Kiti cha kando ya ujia hakibadilishwi kwa kiti cha katikati, wala cha mbele kwa cha nyuma kabisa. Anayetaka kubadilishana na atoe kilicho sawa au bora zaidi. Luteni angeweza kumwomba yule aliyekaa karibu na kiti chake cha nyuma, amchukue mkewe huko, na abiria huyo wa nyuma akapata kiti cha dirishani cha mbele. Huyo angeshukuru.

Kosa la tatu ni la sajini mwenyewe. Alinyamaza. Unyamavu wake ulionekana kuwa adabu, lakini uliwadhulumu watu watatu: yeye mwenyewe, binti yake aliyelipa, na hata luteni, aliyenyimwa nafasi ya kufanya wema. Mtu asiyesema sababu yake huwaacha wenzake gizani.

KWA NINI KITI KINA NAMBA

Namba ya kiti haikuwekwa kwa mapambo. Wengine wamekilipia kiti, kama binti yule. Wengine wanahitaji kuwa karibu na choo kwa ajili ya maradhi yasiyoonekana kwa macho. Tena zipo sababu za usalama ambazo askari atazielewa upesi, kwa kuwa zinafanana na habari za lindo: kila mtu awe mahali pake, na ajulikane yuko wapi.

Viti vilivyo kando ya mlango wa dharura hupewa watu wenye nguvu, walio tayari kuufungua mlango ule siku ya hatari. Mtoto hakai hapo, wala mama mwenye mtoto mchanga, wala mtu kama sajini wetu, hata kama mwenye kiti amekubali kumpisha. Vivyo hivyo, katika ndege nyingi si kila safu ya viti yenye barakoa ya ziada ya oksijeni. Kwa sababu hiyo mama wawili wenye watoto wachanga mapajani hawakalishwi ovyo katika safu moja.

Katika ndege ndogo, kama zile ziendazo viwanja vya mikoani na mbugani Kidepo, uzito hugawanywa kwa hesabu, na abiria huweza kupangwa kwa kilo zao. Huko mtu hahami kabisa bila ruhusa ya rubani. Mnamo tarehe 25 Agosti 2010 ndege ndogo ilianguka karibu na Bandundu nchini Kongo, wakafa watu 20. Kwa mujibu wa habari zilizotolewa kutokana na maelezo ya mtu mmoja aliyenusurika, mamba aliyefichwa katika mfuko alitoka, abiria wakakimbilia mbele kwa pamoja, na ndege ikapoteza uwiano. Mamba ndegeni ni jambo la nadra, lakini kanuni ya uzito haibadiliki.

MAMA NA MTOTO

Lipo ombi moja lenye uzito kuliko mengine yote, nalo ni la mzazi aliyetenganishwa na mtoto mdogo. Ndege ikipata hatari, mzazi hatakwenda mlangoni. Atarudi nyuma kumtafuta mwanawe, na njia itazibwa kwa wote. Aidha, mtu mzima huagizwa avae barakoa yake kwanza ndipo amvalishe mtoto. Atamvalishaje mtoto aliye safu kumi mbali naye? Nchi nyingine zimeliwekea sheria jambo hili. Nchini Kanada, kanuni za mwaka 2019 zinataka mtoto wa chini ya miaka 5 akae ubavuni pa mzazi au mlezi wake, na yule wa miaka 5 hadi 11 awe katika safu hiyo hiyo, pasitenganishwe zaidi ya kiti kimoja. Kazi ya kuwapanga imewekwa juu ya kampuni ya ndege, wala si juu ya huruma ya abiria.

Basi mzazi asingoje mpaka ndani ya ndege. Siku ya kukata tiketi na aseme kwamba anasafiri na mtoto, na ahakikishe majina yote yamo katika tiketi moja. Afike uwanjani mapema. Anayetoka Mbale ana zaidi ya kilomita 220 mpaka Kampala, na foleni za magari hazimjui mwenye haraka. Kwenye kaunta atazame namba zilizoandikwa katika kadi za kupandia. Zikiwa mbalimbali, hapo ndipo pa kusema, wakati viti vingali vikipangwa.

NAMNA YA KUOMBA NA KUJIBU

Ikibidi kuomba ndani ya ndege, mwombaji asikalie kiti cha mwenzake kwanza ndipo aombe. Huko ni kumkuta mtu mlangoni mwa nyumba yake na kumwambia abishe hodi. Na amsalimu, aseme sababu, aonyeshe kiti anachotoa, kisha amalize kwa maneno ya kumwachia huru: "Ikiwa haiwezekani, hapana neno." Akikataliwa ashukuru, arudi mahali pake, wala asinung'unike ili abiria wengine wamtazame vibaya aliyekataa. Njia iliyo bora zaidi ni kumpitia mhudumu, kwa kuwa yeye ajua viti vilivyo wazi na vile visivyoruhusiwa.

Naye anayeombwa asione haya kukataa. "Samahani, mwanangu, kiti hiki nimekichagua kwa sababu ya goti langu." Maneno hayo hayamvunjii mtu heshima. Asiye na sababu yoyote, na akaweza kutoa, na atoe. Wahenga walinena kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini kinachotolewa kwa hofu hakiwi zawadi.

SAFARI YA KURUDI

Majuma matatu baadaye sajini alirudi na goti lililofungwa bendeji, katika kiti kama kile cha kwanza. Safari hii dirishani alikaa mtoto wa kike wa miaka minne, na mama yake alikuwa amepangiwa kiti cha nyuma. Mama alisimama mbele ya mzee huku machozi yakimlengalenga.

"Baba, niwie radhi. Huyu mtoto ni wangu, hajawahi kukaa peke yake. Ningeomba unisaidie, lakini ikiwa huwezi, nitamwita mhudumu."

Mzee alishusha pumzi, akajibu, "Binti yangu, moyo wangu unataka, ila mguu huu hauwezi kukaa katikati. Ni lazima uwe na nafasi upande wa kulia."

Kwa kuwa sababu ilisemwa, ilisikika. Kijana mmoja aliyekaa ng'ambo, mwishoni mwa safu ya kati, mahali ambapo ujia uko upande wa kulia, aliinua mkono. "Mzee akae hapa kwangu, nami nitakwenda nyuma. Miguu yangu mizima." Mhudumu alitazama orodha yake, akakubali, akawapanga. Mama akakaa na mwanawe, mzee akanyoosha mguu, na kijana akaenda nyuma akiwa hana cheo chochote ila ungwana wake.

Alfajiri iliyofuata, katika teksi ya kutoka Kampala, kondakta alimwambia sajini, "Mzee, sogea kidogo." Sajini akasema, "Goti langu bovu, mwanangu." Kondakta akamsogeza mwingine, na gari likaondoka kwenda Mbale.