Aisa Kirabo Kacyira na Kigali iliyong'aa: nani alisifiwa, nani alilipa?

Anayesimama juu ya kilima cha Rebero, wilayani Kicukiro, huliona jiji la Kigali karibu lote kwa mtazamo mmoja. Bondeni ipo Gikondo na ardhi oevu ambayo kwa miaka mingi ilikaliwa na viwanda. Ng'ambo yake yanasimama majengo marefu ya katikati ya mji, na upande wa mashariki ndege hushuka Kanombe. Kilimani hapo wamezikwa wanasiasa waliouawa mwaka 1994 kwa kuipinga siasa iliyozaa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na kila tarehe 13 Aprili viongozi wa nchi hupanda Rebero kuwakumbuka. Si mbali na makaburi hayo zimejengwa nyumba za kifahari ambazo wamiliki wake hulipia, pamoja na kuta na paa, mandhari ya mji ulio chini yao.

Mandhari hayo yana historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imefungamana na jina la daktari wa mifugo.

Aisa Kirabo Kacyira alisomea tiba ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Makerere, nchini Uganda, kisha akachukua shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha James Cook, nchini Australia, akijikita katika uzalishaji na uchumi wa mifugo. Hakuna katika elimu hiyo linaloashiria mitaro ya maji machafu, ramani za viwanja au ugomvi wa fidia. Hata hivyo mwaka 2006 alikabidhiwa ofisi ya meya wa Kigali, akakaa humo hadi 2011. Hakuwa mwanamke wa kwanza kuishika. Rose Kabuye, afisa wa jeshi, ndiye aliyekabidhiwa mji huo baada ya Julai 1994, wakati kazi ya kwanza ya kiongozi wa mji ilikuwa kuzika maiti na kurudisha maji. Kirabo alipokea mji ulio hai, unaokua haraka kuliko uwezo wake wa kujipanga.

Mwaka alioingia madarakani ndio mwaka mipaka ya utawala ilipochorwa upya nchini Rwanda. Kigali ilipanuliwa, ikawa na wilaya tatu, Nyarugenge, Gasabo na Kicukiro, na eneo la kilomita za mraba takriban 730, ambalo sehemu kubwa yake ilikuwa bado mashamba na mabonde. Jiji hilo halikuwa na ramani ya kuliongoza. Ilitayarishwa chini ya uongozi wake, kwa msaada wa wataalamu kutoka Marekani, na mwaka 2008 Kigali ikawa na dira ya mpango mkuu. Baadaye, mwaka 2013, wataalamu wa Singapore waliifafanua mtaa kwa mtaa. Tangu hapo kila kilima kilipewa kazi yake kwenye karatasi, Rebero ikiwamo: huku makazi, huku biashara, huku msitu, huku pasijengwe chochote.

Usafi ndio uliompa jina. Marufuku ya mifuko ya plastiki ilikuwa sera ya taifa, na umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ni desturi kongwe kuliko umeya wake. Lakini sera na desturi hazifagii barabara. Ofisi ya jiji ndiyo iliyosimamia makampuni na vyama vya ushirika vya kuzoa taka, ikapanda nyasi na maua kando ya barabara, ikahakikisha kwamba wanawake wenye mafagio wanaonekana barabarani kabla jua halijachomoza. Mwaka 2008 shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, liliitunuku Kigali Hati ya Heshima ya Habitat. Tangu wakati huo wageni kutoka Nairobi, Kampala na Dar es Salaam wamekuwa wakirudi makwao na swali moja: wao wameweza vipi?

Jibu la swali hilo lina upande usioingia kwenye picha za wageni.

Katikati ya mji, chini kidogo ya majumba ya matajiri wa Kiyovu, palikuwa na mtaa ambao wenyeji waliuita Kiyovu cy'abakene, yaani Kiyovu ya maskini. Ulikuwa mtaa wa nyumba za udongo zilizobanana, wa wachuuzi, vibarua, watumishi wa nyumbani na mafundi waliokwenda kazini kwa miguu. Mwaka 2008 mtaa huo ulibomolewa. Wenye nyumba walipewa nafasi ya kuhamia Batsinda, wilayani Gasabo, katika nyumba zilizojengwa kwa ajili yao pembezoni mwa jiji. Kwa macho ya mpangaji wa miji zilikuwa nyumba bora kuliko walizoziacha. Kwa mchuuzi aliyezoea kutoka mlangoni kwake na kufika sokoni kwa dakika kumi, kila siku ya kazi sasa ilianza kwa nauli. Na wapangaji, ambao ndio walioujaza mtaa ule, hawakuwa na nyumba ya kufidiwa. Walitafuta chumba kingine katika mtaa mwingine usiopimwa, mara nyingi kwenye mteremko mkali zaidi, na kwa hiyo jiji likakihamisha kile lililodhani limekiondoa.

Sehemu kubwa ya viwanja vya Kiyovu ilibaki miaka kadhaa ikiota majani. Wawekezaji waliotarajiwa kujenga maghorofa hawakufika kwa kasi iliyowaondoa wakazi. Huenda hili ndilo jambo zito kuliko yote katika hesabu ya kipindi chake, maana kama ardhi ilihitajika haraka kiasi kile, ilistahili pia kutumiwa haraka.

Watetezi wake wana hoja yenye uzito. Kigali imejengwa juu ya vilima. Mvua kubwa inaponyesha, nyumba ya udongo iliyo mtelemkoni huporomoka na watu hufa. Jiji lililokuwa likipokea maelfu ya wahamiaji kila mwaka lisingeweza kuwaacha wote wajenge popote. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta zaidi ya watu milioni 1.1 jijini, na ya mwaka 2022 ikakuta karibu milioni 1.75. Bila mpango uliochorwa katika miaka ile, pengine mabonde yote yangekwisha jengwa. Hayo ni kweli. Lakini mpango waweza kuwa wa lazima na bado ukawa na mlipaji asiyeulizwa.

Taka zenyewe zina simulizi yake. Jiji lililosifiwa kwa usafi lilikuwa likizimwaga Nyanza ya Kicukiro, upande huohuo wa kusini iliko Rebero, mahali ambapo tarehe 11 Aprili 1994 zaidi ya watu 2,000 waliokuwa wamejihifadhi katika shule ya ufundi ya ETO waliswagwa na kuuawa baada ya askari wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa kuondoka. Jalala hilo lilifungwa mwaka 2012, Kirabo akiwa ameshaondoka, na taka zikaanza kupelekwa Nduba, wilayani Gasabo. Majirani wa Nduba nao wakaanza kulalamikia harufu.

Na ipo Gikondo, chini kabisa ya Rebero. Shirika la kutetea haki za binadamu la Human Rights Watch lilichapisha ripoti mwaka 2006, na nyingine mwaka 2015, likieleza kwamba watoto wa mitaani, wachuuzi na ombaomba walikamatwa na kuzuiliwa humo bila kufikishwa mahakamani. Serikali imekuwa ikikanusha, ikisema kituo hicho ni cha mpito na cha kuwarekebisha watu kabla ya kuwarudisha kwao. Haingekuwa haki kumtwika meya mmoja lawama za kituo kilichokuwapo kabla yake na kilichoendelea baada yake. Inatosha kusema kwamba barabara isiyo na mchuuzi haiwi hivyo kwa ufagio peke yake.

Kirabo alipoondoka mwaka 2011 aliteuliwa kuwa gavana wa Mkoa wa Mashariki, lakini hakukaa sana. Mwaka huohuo Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Ban Ki-moon, alimteua kuwa naibu mkurugenzi mtendaji wa UN-Habitat mjini Nairobi, shirika lilelile lililoitunuku Kigali miaka mitatu kabla. Baadaye aliiwakilisha Rwanda nchini Ghana, kisha akarudi Umoja wa Mataifa kuiongoza ofisi inayosaidia shughuli zake nchini Somalia. Ni wasifu ambao mameya wachache wa Afrika Mashariki wanaweza kuufikia.

Njia yake ya kutoka, hata hivyo, si ya kipekee. Mtangulizi wake, Théoneste Mutsindashyaka, naye alitoka ofisi ya jiji kwenda kuwa gavana wa Mashariki. Pudence Rubingisa, aliyechaguliwa meya mwaka 2019, alipelekwa mkoa huohuo Desemba 2023. Monique Mukaruliza aliingia mapema mwaka 2016 na kabla mwaka haujaisha akateuliwa balozi. Pascal Nyamulinda alijiuzulu mwaka 2018 baada ya miezi isiyozidi kumi na mitano. Marie-Chantal Rwakazina, aliyemfuata, akapewa ubalozi nchini Uswisi mwaka uliofuata. Miongoni mwa hao, miaka mitano ya Kirabo inaonekana kama enzi.

Sheria ya mwaka 2019 imeweka wazi asili ya hali hiyo. Baraza la jiji lina madiwani kumi na mmoja: sita huchaguliwa, wawili kutoka kila wilaya, na watano huteuliwa na rais. Meya hutoka miongoni mwao, na wilaya tatu zimeondolewa hadhi ya kujitegemea kisheria. Meya wa leo, Samuel Dusengiyumva, aliyekuwa katibu mkuu wa wizara ya serikali za mitaa, aliteuliwa kuingia barazani na kuchaguliwa kuwa meya katika wiki hiyohiyo ya Desemba 2023 aliyoondoka Rubingisa. Utaratibu kama huo una faida yake, kwani meya hagombani na serikali kuu na fedha hazikwami. Hasara yake humfikia mkazi wa mtaa unaobomolewa. Akitaka kulalamika, hana kura ya moja kwa moja ya kumtikisa anayemlalamikia.

Hilo lilionekana Kangondo na Kibiraro, mitaa ya Gasabo ambayo wengi waliiita Bannyahe. Kwa miaka kadhaa wakazi walidai fidia ya fedha taslimu badala ya nyumba, wakafika mahakamani, na Septemba 2022 wakahamishiwa Busanza, wilayani Kicukiro. Ilikuwa hadithi ya Batsinda tena, safari hii mbele ya kamera za simu. Agatare, wilayani Nyarugenge, jirani na mitaa ya Biryogo na Nyamirambo ambako Kiswahili kimezungumzwa kwa vizazi, jiji lilijaribu njia nyingine: barabara, taa na mitaro ziliingizwa ndani ya mtaa na sehemu kubwa ya watu wakabaki walipokuwa.

Bonde la Gikondo linaloonekana kutoka Rebero sasa linarudishwa kuwa ardhi oevu baada ya viwanda kuhamishwa, na kazi ya kuwaondoa wanaoishi kwenye miteremko ya hatari inaendelea chini ya Dusengiyumva. Wapangaji ni wengi kwenye miteremko hiyo, kama walivyokuwa Kiyovu mwaka 2008. Mthamini anapopita nyumba kwa nyumba na daftari lake, mpangaji hana hati ya kumwonyesha.