Mzee wa Kokoto na swali la "utauza bei gani?"

Haya wadau, nimerudi. Najua nimepotea humu muda mrefu, na wengine mmenitumia ujumbe mkiuliza kama nimedisco. Sijadisco jamani. Nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, na nilivyorudi chuoni nikakuta mashine yangu imefungiwa stoo ya bweni. Hiyo hadithi nitaifikia.

Kwa wageni: mimi ni yule mwanafunzi wa ualimu, Jografia na Historia, ambaye boom likitoka wenzake wananunua viatu, yeye anaenda kwa fundi feni. Bwenini wananiita Mzee wa Kokoto. Nina mashine ya kusugua mawe. Naokota mawe barabarani, mtoni, milimani (hapa Dodoma ukikosa jiwe basi umeamua tu), nayatia kwenye ndoo, ndoo inazunguka mwezi mzima usiku na mchana, yanatoka yanang'aa kama pipi iliyotoka mdomoni. Basi. Ndiyo hobi yenyewe.

Na kila mtu anayeona, kila mtu, swali lake la kwanza ni moja: "Sasa haya utauza bei gani?"

Leo nataka kulijibu hilo swali. Nilikuwa na jibu zuri sana tangu mwaka jana, jibu la kumfunga mtu mdomo, halafu kijana mmoja wa kidato cha tatu akaliharibu.

Kwanza mashine. Niliitengeneza kwa mota ya feni mbovu, rimu ya baiskeli ya mtoto, mkanda wa cherehani na ndoo ya rangi ya lita nne niliyoivisha tyubu ya pikipiki kwa ndani. Rimu kazi yake ni kupunguza mwendo, maana feni inakimbia na ndoo inatakiwa itembee. Ikienda mbio mawe yanang'ang'ania ukutani kama nguo kwenye mashine ya kufulia, hayasuguani. Ikienda pole yanateleza tu chini. Inatakiwa yapande mpaka juu kidogo kisha yaporomoke, yapande, yaporomoke. Unajaza mawe kama theluthi mbili ya ndoo, maji yanakaribia kuyafunika, na unga wa kusugulia.

Huo unga ndio ulinitesa. Mimi kwa ujanja wangu nilianza na mchanga wa mtoni. Wiki tatu. Natoa mawe, yako vilevile, nimeyaogesha tu. Nikarudi kwenye notisi za mwaka wa kwanza nikajicheka: mchanga mwingi ni kwazi, na mawe yangu yalikuwa kwazi. Yule Mjerumani, Friedrich Mohs, mwaka 1812 alipanga madini kumi kwa ugumu, kutoka ulanga wenye namba 1 mpaka almasi namba 10, na kanuni yake ni kwamba kigumu ndicho kinachomkwaruza laini. Kwazi ni namba 7. Kwazi kwa kwazi ni ngumi za watu wa uzito sawa, mto unaweza kuzisubiri maana mto hauna mtihani wa mwisho wa muhula. Kinachotakiwa ni silikoni kabaidi, ambayo ni zaidi ya 9. Nilikuja kuipata kwa kaka mmoja anayekata vito Arusha, akanitumia kwa basi.

Wiki ya kwanza unaweka unga mkubwa, unakula kona zote. Ya pili wa kati. Ya tatu mwembamba. Ya nne unaweka wa kung'arishia, oksidi ya alumini, mweupe kama unga wa ngano. Kila hatua unaosha kila kitu, na nasema kila kitu, hata kucha zako, kwa sababu punje moja ya unga mkubwa ikiingia kwenye hatua ya mwisho inachora mawe yote na unarudi kulekule ulikotoka. Nimeshalia kwa ajili ya punje moja. Sio utani.

Nimekosea sana. Nilichanganya kalsaiti, ambayo ni namba 3, na kwazi, kwa sababu kale ka kalsaiti kalikuwa kana rangi nzuri. Baada ya wiki sikukaona. Kalikuwa tope. (Na nyie mliozoea kutafuta mafumbo kwenye fasihi, msinitafutie fumbo la wanafunzi wepesi na wazito hapa. Ni mawe.) Siku nyingine gesi ilijaa ndani ya ndoo, kuna mawe huwa yanafanya hivyo yakisagika, saa tisa usiku mfuniko ukafyatuka, ukuta wa chumba ukapata rangi mpya. Mshkaji wangu wa chumba alinisamehe, Mungu ambariki.

Ambaye hakunisamehe ni mlezi wa bweni, na hapo nasema wazi kwamba alikuwa na haki. Lile tope ukilimwaga kwenye bomba linatulia, linakaza kama saruji. Mimi nililimwaga kwenye bomba la bafu. Bafu la ghorofa nzima likaziba Jumapili asubuhi, watu wamevaa taulo, wanataka kwenda kanisani. Mashine ikapelekwa stoo. Sasa imetoka na ipo kwenye geto la rafiki yangu mtaani, na tope nalimwaga shimoni. Mkianza, mjifunze kwangu.

Turudi kwenye swali. Jibu langu la zamani lilikuwa hivi: wewe juzi umeangalia Simba na Yanga dakika tisini, umepiga kelele mpaka sauti ikakauka, nani amekuuliza utauza bei gani? Unasuka, unacheza bao, unaimba kwaya, hakuna anayekupigia hesabu. Kwa nini mimi nikishika jiwe inakuwa lazima niwe mfanyabiashara? Niliamini, na bado naamini kwa sehemu kubwa, kwamba hili swali ndilo linalotuua sisi wanachuo. Ukisoma kitabu ambacho hakipo kwenye kozi unaulizwa "kinatoka kwenye mtihani?" Ukijifunza kitu unaulizwa "kina ajira?" Tumekuwa watu wa kupima kila kitu kwenye mizani ya duka, halafu tunakwenda kusimama mbele ya watoto tukiwaambia elimu ni ufunguo. Ufunguo wa nini, wakati sisi wenyewe mlango hatujawahi kuusukuma kwa hamu?

Nilikuwa naisema hiyo vizuri sana kijiweni. Watu wanatikisa vichwa.

Basi nikaenda mazoezi ya kufundisha. Mada ya miamba. Darasa la wanafunzi tisini na kitu. Niliwauliza kwazi ni nini, wakaimba tafsiri ya Kiingereza kama wimbo wa taifa, neno kwa neno. Nikachukua jiwe dirishani, jiwe jeupe lililokuwa linazuia pazia, nikauliza hili ni nini? Kimya. Lilikuwa kwazi. Walikuwa wanalikalia, wanalirushia mbwa, wamejengea choo cha shule. Hawajawahi kukutanishwa nalo.

Kipindi kilichofuata nikaja na mfuko wangu. Mawe mabichi na mawe yaliyosuguliwa, chupa ya soda, kisu. Kila kundi lijue lipi linakwaruza kioo, lipi linakwaruzwa na kisu. Jamani lile darasa. Wale wa nyuma wanaolalaga walisimama juu ya madawati. Mmoja akagombana na mwenzake kama jiwe lake ni namba 6 au 7, na hapo ndipo nikajua nitakuwa mwalimu, kabla ya hapo nilikuwa na mkopo tu wa kusomea ualimu.

Bahati yangu, mkaguzi kutoka chuo akaja siku hiyohiyo. Andalio la somo lilisema nitafundisha miamba ya moto, miamba mashapo na miamba geu. Dakika themanini zikaisha sijafika miamba geu. Akaandika "somo halikuendana na andalio" na alama nilizopata sizitaji hapa, mama yangu mdogo huwa anasoma huu ukurasa. Nilikasirika wiki nzima. Ila nikiwa mkweli, kama mtihani wa taifa ukiuliza miamba geu, wale watoto tisini wangenifuata nyumbani. Hoja yake ilikuwa na miguu. Yangu pia ilikuwa nayo. Mpaka leo sijui nani alitakiwa kumpisha mwenzake.

Sasa yule kijana. Baada ya kipindi alibaki, ameshika jiwe langu moja la kijani, krisoprasi. Hiyo ni jamii ya kwazi, kijani chake kinatokana na nikeli, na inachimbwa Haneti huku Chamwino. Nilipewa kipande kikavu, kichafu, kina ganda la kahawia, nikakisugua mwezi na nusu. Akakigeuzageuza akasema, "Mwalimu, hii ya kwetu. Baba anachimba hii." Akaniambia baba yake anajaza ndoo, dalali anakuja na pikipiki, wanapatana kwa kuangalia ndoo, anaondoka. Kijana amezaliwa pale, amekua anaruka mashimo ya jiwe hilo, na siku ile ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuona ndani yake kukoje. "Kumbe ndani ni hivi?"

Nikampa aende nalo nyumbani. Jumatatu akarudi. Nikamuuliza baba amesemaje. "Baba ameliangalia sana, mwalimu. Halafu akasema, kamuulize mwalimu wako, hili linauzwa bei gani?"

Swali lilelile, wadau. Neno kwa neno. Na mimi na hotuba yangu ya Simba na Yanga nikabaki nimekodoa macho, kwa sababu sikujua. Mtu wa kuokota mawe kwa raha zake alikuwa hajui jibu ambalo lingemsaidia mtu anayeyatoa kwa jasho.

Nilichofanya ni kidogo. Nilimwambia kuhusu masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa mwaka 2019, na kwamba Tume ya Madini hutoa bei elekezi, kwa hiyo mzee asikubali kupatana kwa ndoo bila kwenda kuuliza. Nilimwambia pia Arusha kuna Kituo cha Jemolojia wanakofundisha kukata vito. Na nikamwambia ukweli ambao hakuupenda: jiwe la kusuguliwa kwenye ndoo kama langu ndilo la bei ya chini kabisa kwenye hii dunia ya vito, nje wanayauza kwa kilo. Sikutaka aondoke na ndoto ya mabilioni ya mzee Laizer, aliyeuzia serikali tanzanaiti zake mbili kwa shilingi bilioni 7.7 mwaka 2020. Hiyo ni tanzanaiti, tena ya kilo 9 na kilo 5.

Na kitu kimoja nilimkazia sana: usisugue kavu. Mimi nasugua kwenye maji, vumbi halipo. Kuna mji India unaitwa Khambhat, zamani Cambay, wamekata na kusugua akiki kwa karne nyingi. Shanga zao zilivuka bahari mpaka pwani yetu, zimefukuliwa hata Kilwa. Ufundi huo umeua mafundi wengi kwa vumbi, mapafu yanageuka makovu na hayaponi. Wachimbaji wetu wanaotoboa kwazi kavukavu bila maji wanavuta vumbi hilohilo. Nikamuuliza baba anakohoa? Akasema anakohoa. Nikamwambia aende hospitali apimwe, na aseme kazi yake wazi, asiseme tu "mafua".

Hilo halikuwepo kwenye andalio la somo.

Kwa hiyo msimamo wangu umebaki nusu. Mshkaji anayetoka kula chips, ananikuta naosha mawe, anauliza utauza bei gani, bado namwona hana hamu na dunia, anisamehe. Lakini nimeacha kulicheka swali lenyewe. Na wenzangu wa Jografia mnaoniambia darasa la watoto tisini halina nafasi ya michezo ya mawe: mimi siwaambii mnunue mota za feni. Boksi moja la mawe ya hapohapo kijijini, chupa, kisu, dakika ishirini, kisha rudi kwenye andalio lako na uifikie miamba geu, usifanye kama mimi.

Kijana ameniomba nimchoree jinsi ya kufunga rimu na mkanda. Nimemchorea, na nimemwandikia kwa herufi kubwa asimwage tope bafuni. Unga ndio hana, nitamgawia wangu kidogo boom likitoka.

Mimi natoka sasa hivi kwenda geto, leo ni siku ya kuosha hatua ya tatu. Anayetaka kuja kuona aje Jumamosi mchana na jiwe lake mkononi. Ila kwanza alikwaruze na kisu. Likikwaruzika, abaki nalo.