Duara la binti, kidole cha mama

Mama anauza chapati na maharage, na madeni ya wateja huyaandika kwenye daftari analolitia mfukoni mwa aproni. Binti yake wa kidato cha pili akaamua kumtengenezea programu ya simu ya kazi hiyo. Alitumia MIT App Inventor, ambayo ni ya bure na imetengenezwa Marekani kwa ajili ya wanaoanza: vipande vya rangi huunganishwa kwa kuburuta, bila kuandika kodi.

Kwa wiki mbili baba alimwona ameinamia kompyuta ya kaka yake, anachora miduara na mistatili, anafuta, anachora tena. "Hesabu zimekushinda, umerudi chekechea?"

Kumbe hesabu ndizo zilizokuwa zikimhangaisha. Duara moja lilimdai namba 3: mbili za kitovu na moja ya nusukipenyo. Tena mahali pa kuchorea huanzia kuhesabiwa pembe ya juu kushoto. Ukienda kulia namba zinaongezeka, kama kwenye grafu ya darasani, lakini ukishuka chini nako zinaongezeka, kinyume kabisa na alivyofundishwa. Duara jekundu la deni alilitaka juu ya jina la mteja. Likatokea chini yake.

Alipomaliza, kwenye simu ya kaka kila kitu kilipendeza. Simu ya mama ni ndogo. Maduara yalikatwa nusu, na vitufe vya "Amelipa" na "Futa" vilibanana pembeni. Mama akabonyeza kimoja kwa kidole chenye mafuta, kikaitika kingine, na deni la chapati 6 likapotea. "Asante mwanangu, ni nzuri," akasema. Asubuhi binti akaliona daftari limerudi mfukoni. Hakusema neno, ila siku 3 hakuigusa kompyuta.

Baba ndiye aliyeuliza, safari hii bila kejeli, kimeharibika nini. Kosa halikuwa kubwa. Upana wote ulikuwa umeandikwa kwa namba zisizobadilika, zilizoitosha simu moja tu. Upana wa kitufe unaweza kuwekwa kwa asilimia ya kioo, na kitovu cha duara kikawa nusu ya upana wa pale pa kuchorea, nusukipenyo sehemu ya kumi. Kioo kikipungua, duara nalo linapungua.

Ukubwa wa vitufe waliumaliza kwa rula. Mwongozo wa Google kwa programu za Android unapendekeza sehemu ya kubonyeza isipungue takriban milimita 9 kila upande. Baba akakata karatasi ya kalenda ya zamani kwa kipimo cha simu ya mama, binti akachora vitufe kwa penseli, na mama akaitwa kutoka jikoni abonyeze. (Karatasi haili bando, na kufuta ni kwa raba, mzazi asiyejua kompyuta hata kidogo anaweza kukaa hapo na kusaidia.) Alikosea mara mbili. "Futa" ikahamishiwa juu kabisa, mbali na kidole gumba.

Daftari bado linatembea na mama. Ila juzi amekuja na swali lake mwenyewe: anayelipa nusu, atawekewa alama gani? Binti sasa anahangaika na nusu duara.