King'ora Tukifunge Wenyewe



Siku hizi nyumba ya mkulima ina vitu vingi vya kumtamanisha mwizi: magunia ya mahindi, madebe ya asali, bomba la kupulizia dawa, pikipiki, na paneli ya sola juu ya bati. Ghala letu ndiyo usiseme. Ndiyo maana habari ya ving'ora imekuwa gumzo. Wapo wanaosema tuite fundi kutoka mjini atufungie na kuondoka. Sisi tunasema: vifaa tununue, kazi tufanye wenyewe. Sababu zetu ni hizi.

Kwanza, tuelewane: king'ora hakikamati mwizi. Kinaita watu. Sisi wa huku hatuhitaji kufundishwa jambo hilo. Wazee wetu walikuwa na mwano, na ukipigwa hakuna aliyebaki ndani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe na ujambazi ulipozidi Unyamwezini na Usukumani, wananchi waliunda sungusungu, na filimbi ikawa king'ora chao. Mwaka 1989 sheria ikawatambua. Nguvu ya filimbi haikuwa katika ule mlio, jamani. Ilikuwa katika watu walioamka.

Basi tukichagua, tuchague kinachosikika kwa jirani. Kile cha kupiga simu peke yake kinataka laini, salio na mtandao. Kimoja kikikosekana usiku huo, kimya. Na kile chenye kijicho cha kuona mtu akipita hushtushwa na joto linalotembea, nacho hakijui popo, paka wala mwizi. Ghala letu lina popo. King'ora kikilia ovyo mara tatu, mara ya nne nani atatoka kitandani? Tunachopendekeza ni swichi za sumaku kwenye milango na madirisha, betri ya volti 12, paneli ndogo ya sola yenye kidhibiti chake cha kuchaji, na king'ora.

Pili, namna ya kufunga. Wengi hufikiri mlango ukifunguka ndipo umeme upite. Hiyo ni kasoro, maana mwizi akikata waya kwanza, umemkaribisha. Fanya kinyume chake: umeme mdogo upite muda wote, na ukikatika king'ora kilie. Kinachofanya kazi hiyo ni rilei, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya umeme. Nunua ya volti 12 yenye miguu mitano. Miwili ni ya koili. Mmoja ni wa katikati, unaopokea umeme. Miwili iliyobaki hutoa: mmoja rilei ikiwa imeshika, mwingine ikiwa imeachia.

Chanya ya betri ipite kwenye fyuzi, kisha swichi ya kuwashia, kisha mguu wa katikati. Mguu unaotoa umeme rilei ikiwa imeachia uende kwenye king'ora. Ule unaotoa ikiwa imeshika uende kwenye waya mrefu unaopita swichi zote za sumaku, moja baada ya nyingine, kisha uingie koili. Koili na king'ora virudi hasi. Halafu weka kitufe kati ya mguu wa katikati na mwanzo wa ule waya mrefu. Funga milango, bonyeza kitufe huku unawasha, kisha achia. Rilei itajishikilia yenyewe. Mlango ukifunguliwa au waya ukikatwa, itaachia na king'ora kitalia. Hata mwizi akiurudisha mlango haraka, hakinyamazi mpaka mwenyewe uje. Waya huohuo ukiupitisha kwenye fremu ya paneli juu ya bati, anayeing'oa atalazimika kuukata.

Angalieni rilei mnayouziwa. Ndogo inakula kama miliampia 30, na betri ya ampia-saa 7 itaishikilia zaidi ya wiki hata jua lisipotoka. Ya gari inakula kama miliampia 150, na betri hiyohiyo itakwisha kwa siku mbili hivi. Kwa macho zinafanana, kumbe moja ni mlafi. Swichi ya kuwashia ikae karibu na kitanda. Kwa ghala, ikae ndani kwa mlinzi, na waya ufukiwe. King'ora kikae juu mkono usipofika, na waya wake usionekane.

Tatu, na hili tunalisema kwa ukali. Tumesikia watu wakijisifu kwamba wataunganisha umeme wa TANESCO kwenye nondo za dirisha ili mwizi akauke. Huo si ulinzi, ni mauaji. Atakayeshika nondo ile kwanza ni mtoto anayefuata mpira, au mama anayeanika nguo. Volti 12 haziui mtu. Na mwizi akikamatwa apelekwe ofisi ya kijiji na polisi, si moto na mawe.

Nne, mfungaji ndiye ajuaye siri. Anajua waya unapita wapi na kitufe kimejificha wapi. Je, siri ya ghala la wanachama tumwachie mtu tusiyejua analala wapi? Tukifunga wenyewe siri inabaki kwetu, na kikiharibika usiku hatungojei basi la asubuhi.

Watasema vijana wetu watakosea. Wakosee, hapo ndipo watakapojifunza, bora kifungwe mezani kwanza na kijaribiwe mbele ya watu kabla ya kupanda ukutani.

Kwa hiyo tunaomba mkutano mkuu uamue mambo matatu: seti moja inunuliwe kwa ajili ya ghala, kila kitongoji kitoe vijana wawili, msichana na mvulana, wajifunze kuifunga, na kila Jumamosi jioni ijaribiwe, tuone inachukua dakika ngapi watu kufika. Hili la mwisho ndilo kubwa. Betri tutainunua dukani, lakini mtu wa kuamka haununuliwi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Usiku kikilia, toka.