Mlipeni Mchekeshaji Angali Hai

Ndugu zangu wa Nguvumali na Tanga nzima, ninyi ni watu wa adabu na wakarimu tangu enzi za wazee. Lakini iko tabia imetuganda nayo ni aibu: tunacheka bure.

Amri Athumani, King Majuto, alizaliwa hapa hapa Tanga mwaka 1948 na akaanza kuigiza angali mtoto, mwaka 1958. Akikodoa macho na kukunja sura, kabla hajatamka neno, watu walikwishavunjika mbavu. Alipougua alipelekwa India, akarudi, na tarehe 8 Agosti 2018 akafia Muhimbili. Hapo ndipo kila mtu akajua kumsifu. Mikataba inayowanyonya wasanii nayo ilizungumzwa hadi serikalini mwaka huo huo, yeye akiwa tayari kitandani. Dawa gani hiyo iletwayo mgonjwa yu taabani?

Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Hakumtoa mchekeshaji. Sasa tazameni: kijana anapeleka flashi kibandani, anarushiwa filamu kwa bei ya andazi, na aliyeigiza haambulii hata senti. Mwenye arusi anawalipa wa maturubai, wa viti, wa muziki na wa mapambo, mchekeshaji akidai chake anaambiwa, "Ami, wewe si mtu wa nyumbani?" Anasukumiwa sahani ya pilau, na nauli ya usiku ajijue. Mkono mtupu haulambwi! Mchumia juani hulia kivulini, nasi tunamnyima hata hicho kivuli.

Na liko jingine siwezi kulinyamazia. Baba anamcheka mwigizaji Bi. Mwenda au Bi. Hindu kwenye televisheni hadi machozi yanamtoka, kisha bintiye akisema anataka kuigiza, anafokewa: "Uhuni huo!" Uhuni uko wapi? Shaaban Robert, fahari yetu, mzaliwa wa Vibambani, hakuona haya kuandika wasifu wa Siti binti Saad, mwanamke aliyeuza vyungu kabla ya kuimba mbele za watu. Nani kati yetu anamshinda Shaaban Robert kwa heshima? Mwacheni binti ajifunze, shangazi yake afuatane naye, nanyi wazazi mkae viti vya mbele.

Na wewe mwenye arusi, patana bei na mchekeshaji mapema, mbele ya mashahidi, na fedha zake azishike kabla hajasimama mbele ya wageni wako.